Angalieni Msikialo

Bwana asifiwe, wapendwa. Neno letu wiki hii ni fupi: “Angalieni msikialo” (Marko 4:24). Hapo Yesu anasema na wenye masikio. Wenye vinywa wana maandiko yao, tena mengi.

Oktoba 1973, mchana kweupe, baba mmoja huko Marekani alikuwa garini na mwanawe, redio imefunguliwa. Kituo cha WBAI cha New York kikarusha kichekesho cha George Carlin kilichosheheni matusi ya nguoni. Tahadhari ilitolewa mwanzoni, lakini anayefungua redio katikati ya kipindi ataisikiaje? Yule baba akapeleka malalamiko FCC, tume ya serikali inayosimamia utangazaji, na kesi ikafika Mahakama ya Juu. Mwaka 1978 majaji watano kati ya tisa waliamua kwamba serikali inaweza kuidhibiti lugha ya namna hiyo saa ambazo watoto huenda wanasikiliza. Jaji Stevens aliandika kwamba kumwambia msikilizaji azime redio akishasikia tusi ni sawa na kumwambia aliyeshambuliwa kuwa dawa ni kukimbia baada ya pigo la kwanza.

Mimi niko upande wake. Mtoto aliyekaa kiti cha nyuma hakuchagua kituo, na Bwana wetu kwa anayewakosesha wadogo alitaja jiwe la kusagia shingoni, adhabu ambayo hakuna tume iliyowahi kuifikia.

Jaji Brennan alipinga: wako wanaotaka kusikiliza, na asiyetaka ana mkono wa kuzima. Hoja hii nayo si ya kubeza. Tatizo letu waumini ni kwamba tunadai serikali izuie, huku mkono wenyewe tumeukunja.

Mnakumbuka Super Bowl ya 2004, ile fainali ya mpira wa Kimarekani? Kifua wazi cha mwimbaji Janet Jackson kilionekana kwenye televisheni kwa muda mfupi kuliko kupepesa macho mara mbili. FCC ilipokea malalamiko zaidi ya 500,000, na CBS, televisheni iliyorusha mchezo huo, ikapigwa faini ya dola 550,000, ambayo mahakama iliitengua baadaye. Lakini kampuni ya TiVo, yenye vifaa vya kurekodi televisheni, ilitangaza kwamba hakuna tukio ililowahi kulipima ambalo watazamaji walilirudisha nyuma na kulitazama tena kama hilo. Wapo waliolalamika, wapo waliorudia, na moyo wa mtu mmoja unaweza kabisa kufanya yote mawili jioni ileile.

Isitoshe, sheria hiyo ya FCC dhidi ya uchafu ina saa zake. Kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi inalegea, na vituo vya kebo na setilaiti haiwagusi. Tena inachokiita uchafu ni kitu chembamba: mambo ya ngono na ya chooni yanayosemwa au kuonyeshwa kwa namna ya kuchukiza. Mtangazaji anaweza kukaa asubuhi nzima akisengenya, akidhihaki ndoa ya mtu iliyovunjika, akichochea chuki juu ya wageni, na kwa kipimo hicho kipindi chake ni kisafi. Paulo yeye anaweka “uchungu wote na ghadhabu na hasira na kelele na matukano” katika fungu moja na kusema yaondoke kwetu (Waefeso 4:31). Na tusiwanyooshee vidole watu wa dunia peke yao. Mhubiri akianza kumrarua mhubiri mwenzake redioni, ni wangapi kati yetu tunaongeza sauti?

Someni Zaburi ya 101. Anayesema ni mfalme, mwenye mamlaka ya kuamuru nchi nzima. Aya ya 2 iko ndani ya nyumba yake. Aya ya 3 iko kwenye macho yake: “Sitaweka mbele ya macho yangu neno la uovu.” Katika aya ya 5 anamgeukia anayemsingizia jirani yake kwa siri. Waovu wa nchi wanafikiwa mwishoni, aya ya 8, na hao pia ni kazi halali ya mtawala. Wiki hii tuisome majumbani mwetu kwa mpangilio huohuo, watoto wakiwepo, na ambaye bado yuko aya ya 3 asione haya kubaki hapo hadi Jumapili.