Usharika ulinituma kabla ubalozi haujanipa visa

Vijana wa Tanga wanaoniuliza habari za kuja Ujerumani kujitolea huanza na visa. Mimi huwauliza: usharika wako unasemaje? Wapo wanaokasirika, wanaona nawabania. Siwabanii. Nimefika Bielefeld kwa mlango huo, na naamini ndio mlango wa wito.

Nilikuwa nafundisha shule ya msingi, na Jumapili nawafundisha watoto kanisani Chumbageni. Moyo ulipoanza kunisukuma niliishi na Isaya 6, "Mimi hapa, nitume mimi." Nikamwendea mchungaji. Hakunipongeza. Alinifungulia Matendo 13, akaniambia nisome kwa sauti. Pale Antiokia Roho Mtakatifu hakusema na Barnaba na Sauli chemba. Alisema na kanisa likiwa katika ibada na kufunga, nalo likawawekea mikono likawaacha waende. "Sasa, mwalimu," akasema, "nani atashika darasa lako?"

Swali hilo lilinikalisha Tanga hadi binti mmoja wa kwaya alipoweza kulishika darasa lenyewe. Wazee wa kanisa nao waliniita, wakaniuliza mambo ya dunia kabisa: una deni? Nani atamtunza mama? Lakini aliyenibana hasa ni mama mwenyewe. Alikuwa anakuna nazi, wala hakuinua uso. "Mwanangu, ni Mungu amekuita, au ni mshahara uliochelewa?"

Sikumjibu siku ile. Niliomba juu ya neno lile mpaka nikaweza kumwambia nikimtazama usoni: "Mama, hata wakiniongeza mshahara kesho, bado nitataka kwenda." Akasema haya, nenda.

Nipo Bethel, sehemu ya Bielefeld iliyoanza mwaka 1867 kwa ajili ya watu wenye kifafa. Kwetu jina hili si geni. Misheni iliyokuja kujulikana kwa jina hilo ilianza kazi Mlalo, huko Usambara, mwaka 1891. Waliokuja kwetu walifundisha na kuuguza. Sasa sisi tunakuja kwao, na kazi ni ileile.

Si mwalimu wa darasa hapa, maana ualimu una vibali vyake na kila jimbo lina masharti yake. Namsaidia mwalimu wa watoto wenye ulemavu. Yupo mvulana anayevaa kofia laini ya kukinga kichwa asiumie akianguka. Tunahesabu kwa shanga za mbao zilizotungwa kwenye waya. Anazisukuma moja moja kwa kidole cha shahada, akifika saba anasimama, ananitazama, anasubiri tuvute pumzi pamoja ndipo aiguse ya nane. Nyumbani nilikuwa na watoto wanne dawati moja, sikuwa na nafasi ya kumngoja mmoja hivyo. Kumngoja huyu kwangu ni ibada.

Kuhusu taratibu, kwa kifupi: huduma ya kujitolea ya serikali hapa kwa kawaida ni miezi 12, unapewa posho ya mfukoni, bima na siku 25 za semina. Kwa kazi ya watoto utadaiwa cheti cha tabia njema. Kijerumani anza kukisoma ungali Dar es Salaam. Posho ni ndogo. Anayetaka kujenga atafute njia nyingine, na si dhambi kuitafuta, ila asiiite wito.

Kinachonikosesha usingizi ni watoto wa kwetu wenye kifafa. Nimeona mtoto akitolewa shule kwa sababu watu wanaamini povu lake linaambukiza, au ana mapepo. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo na hakiambukizi, na wengi wakipata dawa na kuzimeza kila siku huweza kusoma kama wenzao. Mchungaji ameniomba niwaandikie walimu wa Shule ya Jumapili la kufanya mtoto akianguka, na hivi ndivyo nilivyowaandikia: ondoa vitu vigumu karibu naye, weka kitu laini chini ya kichwa, usimshike kwa nguvu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Tazama saa. Mtikisiko ukiisha mlaze ubavu, ukae naye hadi fahamu zirudi. Ukipita dakika tano, hospitali mara moja. Na Jumapili inayofuata mmwite darasani kwa jina lake.