Siku moja nyuma ya kaunta, mwezi wangu wa pili

Watu wakisikia nafanya kazi baa huuliza mawili: unakunywa bure, na unajua kurusha chupa hewani? Kazini sinywi, na chupa nikiirusha itatua kwenye mshahara wangu. Niliingia bila uzoefu wowote. Ungenimiminia jini na vodka kwenye glasi mbili nisingejua ipi ni ipi. Wiki 3 za kwanza nilikuwa mwosha glasi. Sasa nimesogezwa kaunta. Hii ni Jumamosi iliyopita.

Saa 9 alasiri. Kufuta, kupanga, kujaza friji: chupa za zamani mbele, mpya nyuma. Nikakamua ndimu, maana maji ya jana huwa yamechuja.

Saa 10. Mazoezi ya kumimina kwa chupa ya maji. Unahesabu moja hadi nne, unapima, inatakiwa mililita 60. Nikapata 55, nikarudia, 65. "Mkono wako una huruma, mdogo wangu," akasema dada anayesimamia kaunta. "Rudi kwenye toti." Yaani kile kikombe kidogo cha kupimia pombe.

Saa 12 jioni. Bia, mvinyo, soda. Rahisi.

Saa 2 usiku akaja mzee mmoja. "Kijana, mojito. Na usinijazie barafu, mchezo wenu naujua."

"Sawa, mzee."

Nanaa ya mojito unaibonyeza tu; ukiitwanga inatoa uchungu. Nikabonyeza, nikaweka rumu, ndimu, sukari, soda, na vipande 3 vya barafu kama alivyotaka. Toti ni ileile, kwa hiyo glasi haikujaa. "Mbona nusu?" Nikaongeza soda. "Mbona sasa haina ukali?" Nikamweleza kwamba barafu ikiwa nyingi inapoozana yenyewe na kuchelewa kuyeyuka, na ikiwa chache inageuka maji mapema. Akawageukia majirani zake kama mahakama: "Mnamsikia?" Nyuma yake oda 7 zinasubiri. Akataka nimwongezee rumu "kidogo tu, ya urafiki". Urafiki huo hukatwa kwangu chupa zikihesabiwa. Nikatabasamu hadi mashavu yakauma, nikamtengenezea nyingine.

Na kwa haraka hiyo nikafanya kosa nililokatazwa tangu siku ya kwanza: nikachota barafu kwa glasi badala ya koleo. Ikagonga ukingo wa pipa la barafu, ka! Kipande cha mdomo wa glasi kikavunjikia kwenye barafu.

Kioo ndani ya barafu hakionekani. Huwezi kuchambua. Dada hakunigombeza, alichukua zile oda na kusema neno moja: "Mwaga." Pipa zima. Nikamimina maji ya moto, nikafuta pembe zote, nikamulika kwa tochi ya simu, nikafuta tena, halafu nikaanza kubeba ndoo za barafu mpya kutoka stoo nikipenya katikati ya watu wanaocheza. Ndoo ya nne nampita yule mzee, anamlalamikia jirani: "Baa gani hii? Hata barafu hamna!"

Baada ya hapo saa sizijui. Nakumbuka mama mmoja aliagiza Negroni: jini, Campari (pombe nyekundu yenye uchungu) na vermouth nyekundu (mvinyo uliotiwa viungo), mililita 30 kila moja. Hii hukorogwa, haitikiswi, kwa kuwa haina maji ya tunda. Nilikoroga taratibu hadi glasi ikatoa jasho. Akaonja, hakusema kitu. Baadaye akanyoosha kidole: nyingine. Nilijisikia mrefu kidogo.

Kufunga. Kuhesabu chupa, kupiga deki, viatu vinanata sakafuni. Kumbe nilikuwa nimejikata kidole. Nilijua nilipokusanya maganda ya ndimu. Hesabu ya rumu ikatoka sawasawa, hata toti moja haikupungua. Nikampelekea dada daftari, nikasimama nikingoja sifa.

Akasaini, akanirushia kitambaa. "Chini ya mashine ya barafu hujafuta."