Angekuwa Darasa la Pili

Jumamosi usiku, Ujiji

Asubuhi nilishuka mwalo wa Kibirizi kununua dagaa wa kumtumia mdogo wangu aliyeko Tabora. Kwenye meza mojawapo mama mmoja alikuwa ameinama anachambua, akainua uso akasema, "Shikamoo madamu." Sauti niliijua kabla ya sura, ya mwanafunzi wangu wa zamani.

Alinipimia, akaongeza konzi mbili juu. Tukaulizana habari za nyumbani kama watu wasio na jambo kati yao. Nilipoupokea mfuko na kutaka kuondoka, akasema taratibu, macho kwenye mzani: "Yule angekuwa darasa la pili sasa hivi, madamu."

Sikujibu. Nilimshika mkono tu. Kisha akaniuliza swali ambalo nimekuja nalo mpaka nyumbani, nimeswali nalo Adhuhuri na Alasiri, na sasa watoto wamelala nalikalia mezani: "Siku ile ningekuambia nataka kufanya nini, wewe ungefanya nini?"

Jina lake sitaliandika. Shule sitaitaja, kwa sababu aliyekosa ni mimi.

Julai 2016 nilikuwa matroni wa bweni la wasichana. Kila tulipofungua baada ya likizo ilikuwa kazi yangu kuwapanga foleni, kugawa vikopo, na kusimama mlangoni mwa choo ili asiwepo wa kubadilishana mkojo na mwenzake. Vijiti vya kupimia mimba nilivitunza kabatini pamoja na dawa za malaria. Wanafunzi wengi walicheka, wakaona ni utaratibu tu. Nami niliona hivyo. Nilikuwa na watoto wa kike wawili nyumbani na haikunipitikia hata siku moja kujiuliza kama ningependa mtu awasimamie chooni namna ile.

Ijumaa ile kijiti kimoja kilitoa mistari miwili. Alikuwa na miaka 17, kidato cha tatu, mwanafunzi wangu wa Historia. Aliomba kitu kimoja: "Madamu, nipe wiki moja nikaongee na mama." Mama yake alikuwa Kakonko, safari ya siku nzima kwa barabara ya wakati ule. Nikamjibu kwamba orodha siyo yangu, ni ya mkuu wa shule, na mkuu amesafiri, kwa hiyo itamfikia Jumatatu. Nilidhani kwa kumweleza hivyo nimemtendea hisani. Nilikuwa nimempa siku mbili na hofu.

Jumamosi alitoka, akaenda kwa shangazi yake huku mjini. Alichopewa kunywa na aliyempa sitavieleza. Alianza kutokwa damu usiku, na shangazi alimficha chumbani mpaka Jumapili jioni akiamini kwamba hospitali wakiona watampigia simu polisi. Walipomfikisha hali ilikuwa mbaya kabisa. Niliitwa kama mlezi. Namkumbuka muuguzi wa zamu, mama wa makamo, lafudhi ya Kiha kabisa, aliponiona nababaika kueleza kisa: "Mwalimu, nani kafanya nini tutaulizana kesho. Sasa hivi tafuta mtu wa kutoa damu." Nilitoa mimi. Walimsafisha, akapona.

Yule muuguzi alikuwa sahihi hata kisheria, na hilo nililijua baadaye sana. Huduma kwa mwanamke ambaye mimba yake imeharibika, iwe imeharibika yenyewe au imeharibiwa, hutolewa hapa nchini. Hakuna kosa kwa anayemtibu. Shangazi hakujua. Mimi mwalimu sikujua. Saa zile za kujificha chumbani zilitokana na kutojua huko.

Nilianza kuisoma sheria yenyewe mwaka uliofuata, kwa aibu zaidi kuliko kwa elimu. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 150: anayejaribu kumtoa mwanamke mimba kinyume cha sheria, miaka 14 jela. Cha 151: mwanamke mwenyewe, miaka saba. Cha 152: aliyetoa dawa au kifaa akijua kazi yake, miaka mitatu. Halafu mbali huko, kifungu cha 230, kinachosema daktari anayefanya upasuaji kwa nia njema na kwa uangalifu ili kuokoa uhai wa mama hana hatia. Kwa hiyo mlango upo, ila ni mwembamba, na haujaandikwa wazi nani apite na nani asipite. Binti aliyebakwa je? Sheria haimtaji popote.

Kama mwalimu wa Historia nilitaka kujua maneno haya yametoka wapi. Kanuni yetu ni ya mwaka 1930, ya Mwingereza akitawala Tanganyika, na katazo hili lina nasaba na sheria ya kwao ya mwaka 1861. Mwaka 1938 daktari wa London, Aleck Bourne, alimtoa mimba msichana wa miaka 14 aliyebakwa na askari, kisha akajitangaza mwenyewe ashtakiwe. Jaji aliwaeleza wazee wa baraza kwamba kuokoa maisha ya mama si kumzuia asife tu. Kumkinga asije akaharibikiwa mwili au akili nako kumo. Daktari akaachiwa. Waingereza walikuja kuibadilisha sheria yao mwaka 1967, sisi tukabaki na ile waliyotuachia.

Lakini kilichonishika zaidi ni habari ya Bourne mwenyewe uzeeni. Mabadiliko ya 1967 yalipokuja aliyapinga, akawa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha kutetea watoto ambao hawajazaliwa. Mtu yule yule. Wapo wanaosema alijipinga mwenyewe. Mimi simwoni hivyo. Namwona mtu aliyemtazama mtoto wa miaka 14 akajua la kufanya, na aliyetazama nchi nzima akaogopa. Nami nimo katika hali hiyo hiyo, na sijapata aibu ya kuikiri.

Mimi ni Mwislamu wa Ujiji. Nimelelewa na hadithi ya Ibn Masud, kwamba kiumbe hukaa siku 40 tone, siku 40 pande la damu, siku 40 pande la nyama, ndipo malaika anapuliza roho. Siku 120. Kutokana na hapo wanazuoni wametofautiana mno: wapo walioruhusu kwa udhuru kabla ya siku hizo, na yupo Imamu Ghazali aliyesema ni dhambi tangu mwanzo, nayo huzidi uzito kadiri kiumbe anavyokua. Maneno ya Ghazali ndiyo yaliyo karibu na moyo wangu. Hayasemi kwamba tone ni sawa na mtoto wa chekechea, wala hayasemi kwamba si kitu.

Mwenzangu mmoja wa ofisi ya walimu, Mkatoliki wa Kasulu, yeye hakubali ngazi zozote. Kwake uhai ni uhai tangu kutungwa. Tumebishana naye miaka, tukinywa chai ile ile. Mwaka 2022, tarehe 24 Juni, Mahakama Kuu ya Marekani ilipoifuta hukumu yake ya mwaka 1973 iliyoruhusu utoaji mimba, aliingia ofisini Jumatatu anang'aa. Nikamuuliza, "Kaka, sasa binti zetu wamepata nini?" Akanyamaza kidogo, akasema, "Dada, sheria ikisema jambo ni halali, watu watasahau kwamba ni zito." Hoja yake si ya kupuuzwa. Nimewasikia wanaharakati waliokuja kutupa semina wakiliita jambo hili huduma ya afya tu, kama kung'oa jino. Ningependa wangekuwa nami Kibirizi leo. Yule mama hakuhesabu meno. Alihesabu madarasa.

Ila nilimjibu kaka yangu, na bado namjibu: ulizuie kwa kitu gani? Mwaka 2013 watafiti wetu wakishirikiana na wa nje walikadiria mimba zilizotolewa Tanzania kwa mwaka ule mmoja kuwa zaidi ya 400,000. Kifungu cha 151 kilikuwepo siku zote hizo. Hakikuzizuia. Kilichoweza kufanya ni kumpeleka mtu chumba cha nyuma badala ya chumba chenye taa.

Na kuna kitu kinachoniuma zaidi ya kifungu hicho. Mwaka ule 2016 msichana wangu alikuwa na njia ngapi? Kulea mimba akiwa shuleni haikuwezekana. Kanuni za mwaka 2002 za kufukuza wanafunzi zilitaja kosa dhidi ya maadili, nasi tulizisoma kwamba mimba ndiyo kosa lenyewe. Juni 2017 Rais Magufuli alisema hadharani kwamba katika utawala wake mwanafunzi akizaa harudi shule, na mkutanoni watu wengi walipiga makofi. Nilikuwa natazama runinga ya jirani. Nikafikiri: tunamwambia binti asitoe, na tunamwambia akizaa tumemaliza naye. Basi tunataka afanye nini? Mlango wa kurudi ulifunguliwa Novemba 2021, na aliyetangaza ni Waziri wa Elimu wa wakati ule, Profesa Joyce Ndalichako, aliyekuwa pia mbunge wa Kasulu Mjini, wa mkoa wetu huu huu. Siku hiyo nililia jikoni. Kwangu tangazo lile liliokoa mimba nyingi kuliko mahubiri yote niliyowahi kusikia, ingawa hakuna aliyelieleza hivyo.

Na mwanaume? Sheria ya Elimu ilirekebishwa mwaka 2016 huo huo: anayempa mwanafunzi mimba, miaka 30. Wa kwetu alikuwa mtu mzima mwenye mke na duka. Wazee wa pande mbili walikaa, pesa zikatoka, wakayamaliza nyumbani. Binti hakuitwa kwenye kikao. Tukihesabu adhabu zote zilizoandikwa kwenye vitabu, miaka 30 ya huyu, 14 ya yule, saba ya binti, aliyelipa ni mmoja tu, na alilipa kwa damu na kwa kidato cha tatu alichokiacha.

Jioni ikiwa shwari, kutoka hapa unaiona milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Kuna mkataba wa Afrika wa haki za wanawake unaoitwa Itifaki ya Maputo, wa mwaka 2003, ambao ibara yake ya 14 inataka mwanamke aruhusiwe kutoa mimba kitabibu pale ambapo amebakwa, amepewa mimba na ndugu, au afya au uhai wake uko hatarini. Tanzania iliuridhia mwaka 2007, lakini vifungu vile vya Kanuni ya Adhabu havikuguswa. Kongo waliutangaza kwenye gazeti la serikali Machi 2018, ukawa sheria kwao. Najua karatasi ni karatasi, na wanawake wa upande ule wana mateso yao, wengi wao tumewapokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Hata hivyo huwa naitazama ile milima nikiwaza kwamba binti aliyebakwa kule ana haki ambayo binti aliyebakwa Kibirizi hana, na katikati yao ni maji tu, maji ambayo mitumbwi inayavuka kila siku.

Hapo ndipo nilipofika. Sitaki sheria inayosema mimba si kitu. Nataka aliyebakwa, aliye mtoto, na ambaye afya yake inaharibika waandikwe waziwazi, ili daktari asitafute ujasiri wa Bourne kila usiku. Nataka kifungu cha 151 kiondoke. Sioni faida ya kumfunga mwanamke aliyetoka kwenye hali ile. Zaidi ya hapo nasitasita. Msichana wangu hakubakwa kwa nguvu, hakuwa mgonjwa. Alikuwa na miaka 17, amedanganywa, ameogopa. Katika orodha yangu ya wanaoruhusiwa hayumo, ingawa sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998 inasema aliye chini ya miaka 18 hana ridhaa ya kutoa, na kwa hesabu hiyo alibakwa. Nimeandika sentensi mbili zinazopingana na nimeziacha zote mbili hapo, kwa sababu zote mbili ninaziamini.

Mwaka 2022 kamati ya Afrika inayosimamia haki za mtoto iliamua kwamba kuwapima mabinti mimba kwa lazima kulikiuka haki zao. Miye niliacha umatroni kabla ya hapo, 2019, kwa kisingizio cha presha. Sikumwambia mkuu sababu ya kweli. Hilo nalo ni deni.

Sasa swali lake. Nimeandika jibu mara tatu kwenye daftari, mara tatu nimelifuta. Hili la nne nitaliacha.

Ningechana ile orodha. Ningekupandisha basi la Kakonko na kukaa nawe kiti kimoja, ningemwambia mama yako mimi, siyo wewe. Ningekaa katikati yenu mpaka hasira ipite. Ningemfuata yule mwenye duka mbele ya mke wake. Ningekwambia kwamba mtoto angelelewa, hata kwangu, nawe ungesoma hata kwa kujificha. Ningekusihi uzae. Na kama baada ya yote hayo ungesema hapana, madamu, siwezi, nisingekuacha uende peke yako kwa shangazi. Ningekupeleka kwa yule muuguzi, nikaketi nje. Ningekuwa nasoma istighfari, na sijui ningeisoma kwa ajili ya nani.

Jumamosi ijayo nitashuka tena Kibirizi, mapema, kabla wachuuzi wengine hawajajaa.