Popo mchana, bundi usiku, begi moja: safari yangu ya Pemba

Safari hii nilikuwa nawataka kwenye picha wanyama wawili tu, yule popo mkubwa wa Pemba na yule bundi mdogo, wote hawapatikani pahala pengine duniani isipokuwa kisiwa kile, na hao wawili ndo walionivurugia begi zima. Popo anataka lenzi ndefu, mchana, juu mtini. Bundi anataka lenzi ya kula mwanga, usiku, ndani ya msitu wa Ngezi ambao hata jua la saa sita kuna sehemu halifiki chini. Sasa ukisema ubebe kila kitu, fikiria pia mbebaji nani, maana kutoka kwangu Mwanakwerekwe, Unguja, mpaka Ngezi ni daladala, halafu boti, halafu gari ya shamba, halafu bodaboda, na kila kimoja kina mambo yake.

Kazi yangu mie ni harusi. Kwaiyo vifaa nilivyonavyo ni vya harusini: bodi mbili za Canon (bodi ni kamera bila lenzi), lenzi ya 70-200 ya f/2.8, ya 85 ya f/1.8, flashi na makorokoro. Namba za mbele ni jinsi lenzi inavyovuta mbali, na ile ya f ikiwa ndogo ndo lenzi inakula mwanga zaidi. Rafiki yangu mmoja akataka kuniazima 150-600 yake, ile nzito karibu kilo mbili, na wallahi roho ilinidunda, ukiishika tu unajiona umeshafika Serengeti. Nikamrudishia. Ile ukiivuta mpaka mwisho inakupa f/6.3, na f/6.3 ndani ya Ngezi ni kama kuvaa miwani ya jua usiku. Nikaazima 100-400 kwa mwengine, kilo moja na nusu na kitu, na bodi yangu moja ina sensa ndogo, kile kipande cha ndani kinachopokea picha, hivo hiyo 400 inafanya kazi kama 640, popo aliyelala hataki zaidi ya hapo.

Kwa bundi nikachukua 85. Watu wa harusi watanishangaa nimeiacha 70-200 ndani ya kabati, ndo inayonilisha ile, lakini f/1.8 inaingiza mwanga zaidi ya mara mbili ya f/2.8 na uzito wake hata nusu kilo haufiki. Tripodi ya miguu mitatu hapana, monopodi, ile ya mguu mmoja. Droni hapana kabisa, kwanza kwetu huku inataka vibali, pili hata kibali ukipata sioni sababu ya kumrushia mnyama aliyelala limashine linalovuma.

Begi sasa. Yale mabegi ya kamera yenye jina la kampuni ubavuni mie siyataki safarini, yanasema kabla hujasema. Nilichukua begi la skuli la mdogo wangu, nikafunga kila lenzi na kanga kuukuu (kanga iliyofuliwa sana ni laini kuliko vitambaa vyao vya kununua), nikatupia vile vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, navikusanyaga mwaka mzima. Na ndoo. Ndoo ya rangi ya lita ishirini yenye mfuniko wa kubana, hiyo nitaieleza.

Pale bandarini Malindi, mjini Unguja, wachukuzi wameshanizunguka. "Lete begi ami, tukakupangie mbele." Mbele ndo kule mizigo inapolundikwa, gunia juu ya friji, na boti ikishaanza kukata mawimbi hewa yote ni chumvi. Nikampa ndoo, ina nguo tu, begi nikapakata. Nilipakata njia nzima, na sikuliweka chini hata dakika, kwa sababu ukishapita Nungwi ukaingia mkondo wa Pemba kipindi cha upepo wa kusi, nusu ya watu wanatapika na si wote wanaowahi mfuko. Nshasema.

Kuna kitu cha boti ambacho watu hawakisemi: ndani kuna baridi ya kiyoyozi mpaka unavaa koti, halafu unashuka bandari ya Mkoani, Pemba, kwenye joto na unyevu. Kamera ukiitoa pale pale upige picha ya bandari, kioo kinapiga ukungu, mbaya zaidi ukungu unaingia mpaka ndani ya lenzi na huko ndiko kuvu wanakoanzia maisha. Nililiacha begi limefungwa mpaka mjini Chake Chake. Hata gesti niliomba chumba cha feni, yule dada wa mapokezi akaona mgeni bahili. Sawa tu.

Kidike, kule wanakolala popo, nilifika alasiri. Popo wako mamia juu huko, wanagombana, wanapiga kelele, na jua likiwa kali wanajipepea kwa mbawa zao wenyewe. Kichwa na shingo rangi ya chungwa iliyoiva, uso wa mbweha mtupu. Miaka ya tisini hawa walikuwa wamebakia kidogo sana kwa kuwindwa na kukatiwa miti, wanakijiji wenyewe ndo waliosimama kuwalinda. Shida ya picha ni kwamba nyuma yao mbingu nyeupe, kamera inadanganyika inawafanya vipande vya mkaa, kwaiyo unaongeza mwanga stopu moja na nusu, hata mbili (kila stopu ni mwanga mara mbili), mbingu ikiungua iungue. Kuna jamaa alitaka wapigiwe makofi waruke apate picha ya mbawa. Subiri magharibi wataruka wenyewe kwenda kula, una haraka ya nini?

Kesho yake gari ya Konde, njia nzima harufu ya karafuu, majamvi yameanikwa mpaka ukingoni mwa barabara. Nilikaa na mzee mmoja, baada ya shikamoo na marahaba akaniuliza naenda wapi.

"Ngezi, baba. Namfata bundi nimpige picha."

Akanitazama. "Bundi? Mwanangu, watu wakimsikia juu ya paa wanasoma dua, wewe unampandia gari?"

Gari zima likacheka. Ila alipokuwa anashuka aliniombea dua, sikujua ni kwa ajili ya safari au kwa ajili ya akili yangu.

Konde ndo ndoo ikapata kazi. Nguo zikahamia kwenye begi, kamera na lenzi zikaingia ndoo, mfuniko ukabanwa, tukaifunga nyuma ya bodaboda kwa mipira ya tairi. Mvua ilitukuta njiani, mie nimelowa chapachapa, ndani ya ndoo kukavu kabisa. Tabu ni watoto, kila tukipunguza mwendo wanakuja mbio, "barafu shilingi ngapi?"

Usiku tuliingia na muongozaji wa msitu. Yule bundi sauti yake ni "hu" moja, halafu kimya, halafu "hu" nyengine, huwezi kukisia itakuja lini. Flashi nilikuwa nayo na sikuiwasha, ndege mwenye macho ya usiku unampiga radi usoni ya nini. Muongozaji alishika tochi yake pembeni, mwanga hafifu, nikategemea 85 kwenye bodi ya sensa kubwa, ISO 6400 ili kamera ione gizani, spidi 1/60 ya sekunde juu ya monopodi. Nyingi hazikutoka wazi. Moja macho yamekaa sawa, yale ya manjano, na unyoya mmoja mmoja unauhesabu.

Kurudi nilipanda ndege, kama nusu saa tu umefika Unguja, ila zile ndege ndogo mara nyingi zinataka kilo kumi na tano na begi laini, kwaiyo nilipima mzigo kwenye mizani ya muuza unga Chake, ndoo nikamuachia yeye akafurahi. Batri za akiba zinakaa mkononi, si kwenye mzigo wa chini, na ncha zake nimezibandika plasta zisigusane.

Nyumbani nikafuta chumvi kwa kitambaa chenye unyevu, silika nikazianika juani. Yule mwenye 150-600 kaja kuangalia, kamkodolea macho popo, akasema ungechukua yangu ungeona mpaka kope. Anataka twende kisiwa cha Misali kwenye kaskazi, na lenzi yake. Nimemwambia sawa, lakini kupakata ni yeye.