Furu, Adamu na daftari la historia

Mtoto yeyote aliyepita shule za Tanzania anamjua Zinjanthropus kabla hajajua kanisa lake linasema nini hasa kuhusu Adamu. Unakariri, Olduvai, 1959, Mary Leakey, fuvu la miaka milioni 1.75, unapigiwa vema unasonga mbele. Jumapili umekaa kwenye benchi unasomewa Mungu alimfanya mtu kwa mavumbi ya ardhi na hapo napo unaitikia amina. Hakuna anayekuuliza sasa we unaamini lipi, na we mwenyewe hujiulizi, unakuja kuwa mtu mzima na digrii yako una daftari la shule na daftari la kanisa na hayajawahi kukutana hata siku moja.

Juzi binti wa dada yangu, yuko kidato cha kwanza, alikuwa anajisomea hapa kwangu. Kachora wale watu wanaotembea kwa mstari, wa kwanza kainama, wa mwisho kanyooka kashika mkuki. Akaniuliza, "Mamdogo, hivi haya ni ya kujibia mtihani tu au ni kweli?"

Nikamwambia ni kweli. Na Mwanzo je? Nikamwambia na Mwanzo ni kweli. Akaniangalia lile jicho la "haya, jitetee". Nikajitetea haraka haraka huku wali unaanza kunukia kuungua, ila kichwa hakijatulia tangu siku ile, ndo maana naandika hapa kwa nafasi.

Kwanza ile picha yenyewe inatupotosha. Hakuna msomi wa evolusheni, yaani viumbe kubadilika kidogo kidogo kizazi hadi kizazi, anayesema mtu katoka kwa nyani unayemwona leo Gombe, wanachosema ni kwamba sisi na sokwe tuna mababu wa pamoja, huko nyuma sana, njia zikaachana. Hata Zinjanthropus tunayemkariri kwa mbwembwe sio babu yetu, ni tawi la pembeni lenye magego makubwa ambalo lilikwisha bila kuacha kizazi. Wanaonigusa mimi zaidi ni wale wa Laetoli, zile nyayo za kama miaka milioni 3.6 zilizobaki kwenye majivu ya volkano, kidole gumba kimenyooka mbele kama cha kwako, kisigino kimezama kwanza kama unavyokanyaga matopeni.

Ila kilichonifanya nikubali sio mifupa, ni furu. Sisi tuliokulia Mwanza furu ni wale samaki wadogo wa miiba mingi, wa fungu, ambao mgeni akija humwekei mezani. Sikujua kuwa watu wanatoka Ulaya kuja kuwasoma hao hao. Wataalamu wanasema Ziwa Victoria lilikauka kama miaka 15,000 iliyopita, likajaa upya, na tangu hapo kutoka kwa mababu wachache waliochanganyika zimetokea aina kama 500 za furu ambazo huzikuti kwingine duniani. Wapo wanaovunja konokono, wapo wanaokwangua mwani kwenye mawe, wapo wanaokula wenzao, na wapo wanaomvizia mama aliyebeba watoto mdomoni wakamlazimisha awateme, yaani ujambazi kabisa.

Kwenye visiwa vya mawe huko kwetu kuna wawili wanaofanana sana, dume wa mmoja ni wa bluu anakaa juu juu, wa mwingine ana wekundu anakaa chini kidogo. Kwenye maji ya Victoria mwanga wa bluu haufiki mbali, ukishuka unabaki mwekundu, na macho ya majike wa chini yamekaa kuona nyekundu vizuri zaidi, kwa hiyo kila jike anamchagua dume anayemwona vizuri na ukoo unajitenga. Pale maji yalipochafuka rangi hazionekani, basi wanachanganyikana tena. Yaani hiki kitu hakihitaji imani, kiko pale ziwani. Na yule mwenye wekundu jina lake la kisayansi ni Pundamilia nyererei, kapewa kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Mtu aliyekuwa anaenda misa kila asubuhi jina lake limebebwa na samaki wa evolusheni, mi hilo huwa linanichekesha peke yangu.

Sasa Maandiko. Nafungua Mwanzo 1:24, Mungu anasema "Nchi na izae kiumbe hai kwa jinsi zake." Nchi na izae. Amri imetoka kwa Mungu ila anayeambiwa azae ni nchi, na haijaandikwa azae kwa dakika ngapi. Tena sura ya kwanza wanyama wanatangulia, mtu anafuata, sura ya pili mtu yupo kwanza ndipo wanyama wanafanywa na kuletwa kwake awape majina. Waliozipanga hizo sura pamoja walikuwa na macho, waliona, wakaziacha zote mbili. Kwangu hiyo inatosha kunionyesha kwamba Mwanzo haikuandikwa kama ripoti ya maabara, inasema jua na mwezi vilivyoabudiwa na mataifa ni taa tu zilizotundikwa, na kwamba kila mtu, sio mfalme peke yake, ana sura ya Mungu. Hayo hakuna fuvu linaloweza kuyapinga wala kuyathibitisha.

Na tusiseme huku ni kuwakimbilia wazungu wa juzi. Augustino, Mwafrika wa Hippo, Algeria ya leo, aliandika miaka kama 1,600 iliyopita kwamba siku zile sita zinaweza zisiwe siku kama zetu, na akawaonya Wakristo waache kuropoka juu ya mbingu na nchi mbele ya watu wanaojua, kwa sababu wakishawasikia mnakosea kwenye hayo hawatawaamini kwenye ufufuo. Kitabu cha Darwin kimetoka 1859. Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 1996 akasema evolusheni ni zaidi ya dhana tu. Mi ni Mlutheri, sina papa, ila nimeiweka hapo kwa sababu kuna watu wanadhani anayekubali hivi vitu keshatoka kanisani.

Isitoshe, Zaburi 139 inasema Mungu aliniunga tumboni mwa mama yangu, na shuleni watoto wanafundishwa yai na mbegu na seli kugawanyika, na sijawahi kusikia mchungaji akilalamika eti somo hilo linamwondoa Mungu. Tumboni anaruhusiwa kutumia miezi tisa. Kwa nini ziwani asitumie miaka elfu kumi na tano?

Hadi hapo mi niko vizuri. Shida ni Adamu.

Paulo kwenye Warumi 5 anasema kwa mtu mmoja dhambi iliingia ulimwenguni, na kwa dhambi hiyo mauti. Wataalamu wa jini, vile vinasaba tunavyorithi kwa wazazi, wanasema mababu zetu walikuwa maelfu, hawakuwahi kushuka wakabaki wawili. Na mauti ilikuwepo zamani sana kabla ya mtu yeyote. Hapa ndipo Wakristo wanaokubali evolusheni wanaachana njia, wengine wanasema Adamu ni sisi wote kwenye hadithi moja, wengine wanasema alikuwa mtu kweli, kachaguliwa kati ya wengi, akaasi kwa niaba yao. Mi nimeegemea huku kwa pili, na sio kwa sababu ya jini, ni kwa sababu ya lile swali la vijiweni, mke wa Kaini alitoka wapi. Kaini anafukuzwa anasema atakayemwona atamuua, nani huyo? Anajenga mji, wa kukaa nani? Tunalicheka swali hilo miaka nenda rudi kumbe Biblia yenyewe imeacha mlango wazi.

Na mauti, Mungu kasema siku utakapokula matunda utakufa hakika, Adamu akala, akaishi jumla miaka 930. Kwa hiyo kuna kufa kulikompata siku ile ile ambako sio moyo kusimama. Halafu Zaburi 104 inawasifu wana-simba wanaonguruma wakitafuta chakula chao kwa Mungu, hakuna neno hata moja kwamba hilo ni kosa la Adamu.

Hoja hizo zinanisaidia, ila kuna mahali hazifiki. Mdogo wake huyu binti ana sikoseli. Na sikoseli ndo mfano wa darasani wa uchaguzi wa asili, yaani kinachomsaidia kiumbe kuishi ndicho kinachoenea kwenye kizazi chake. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba wenye jini moja ya sikoseli wana kinga kiasi dhidi ya malaria, ndo maana wako wengi pwani na huku kanda ya ziwa na wachache kule milimani. Jini moja inakulinda. Zikikutana mbili, moja ya baba na moja ya mama, mtoto anaumwa maisha yake yote, na wazazi wote wawili wakiwa nayo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne.

Nimekaa na huyo mtoto usiku maumivu yamemkamata miguuni, anaomba maji ya moto, anaomba asiguswe, anaomba aguswe. Ukishamwona hivyo huwezi kuongea kirahisi eti evolusheni ni njia nzuri ya Mungu ya kuumba. Hiyo njia imelinda watoto wengi wa kanda hii na malaria, na yeye ndo analipa. Anayekataa evolusheni naye hajapona hapo, maana itabidi aniambie Mungu alimuumba hivyo moja kwa moja, au mtoto analipa tunda la Adamu, na mi sioni afadhali iko wapi. Ayubu aliuliza swali la aina hii akajibiwa kwa kuonyeshwa mbuni na kiboko. Zamani niliona ni jibu la kumzungusha. Siku hizi naona angalau Mungu hakumwambia Ayubu usiulize, na wale rafiki watatu waliokuwa na maelezo ya kila kitu ndo waliokemewa.

Kwa hiyo binti nimemwambia aandike milioni 1.75 bila kujisikia msaliti, na la mdogo wake akitaka kuuliza aulize kwa sauti, kanisani pia. Nimeongea na mchungaji, kanipa kipindi kimoja na darasa la kipaimara mwezi ujao. Sharti lake ni moja, nisije na ile picha ya nyani kwa sababu wazazi watampigia simu yeye. Nimekubali. Nitaenda na furu, na bado sijajua nitawapataje wakiwa hai.