Moroni kwa mtu wa Dodoma: mvua tele, mto hakuna

Aliyezoea kupanga madumu ya maji Dodoma hushangaa akifika Moroni, mji mkuu wa Komoro. Mvua ni nyingi kuliko ya kwetu, lakini Ngazija, kisiwa chenye mji huo, hakina mto unaotiririka mwaka mzima. Kisiwa kimejengwa na lava, na mwamba huo una matundu kama sifongo: maji yakidondoka, yanazama. Ndiyo maana wenyeji huvuna mvua kwenye birika (si lile la chai, ni hodhi la saruji). Mlima Karthala ulipolipuka Novemba 2005, majivu yalichafua mabirika hayo na watu wengi wakakosa maji safi. Ukifikia nyumba ya mtu, oga kwa kopo.

Safari ni treni ya SGR hadi Dar, kisha ndege hadi Hahaya, kaskazini ya Moroni. Ndege ikiwa ya asubuhi, lala Dar. Badili shilingi ziwe yuro kabla ya kuondoka. Faranga ya Komoro imefungwa kwenye yuro, takribani 492 kwa yuro 1. Chaja ya pini tatu haiingii kule bila adapta.

Mji uutembelee kwa kufuata maji ya bahari. Bandari ya zamani, chini ya Msikiti wa Ijumaa wa mwaka 1427, ina kina kifupi. Maji yakijaa, matao meupe ya msikiti hupendeza kweli. Yakipwa, vyombo hulala ubavu juu ya mawe meusi. Majahazi yaliyoshuka na upepo wa kaskazi na kurudi na ule wa kusi yaliweza kuvumilia hali hiyo. Meli kubwa haziwezi: hutia nanga nje, mizigo ikaletwa kwa tishari (chombo bapa cha kupakulia). Kuingia msikitini omba ruhusa kwanza, na epuka saa za swala.

Karthala, mita 2,361, ni kazi ya siku mbili, na miezi mizuri ni Mei hadi Oktoba. Anzia Mvouni alfajiri ukiwa na mwongozaji, kwa kuwa ukungu ukishuka njia haionekani. Huko juu hakuna chemchemi, kwa hiyo beba lita 4 hadi 5 kila mtu, pamoja na sweta zito la usiku. Majabali ya Dodoma ni laini, unapanda hata kwa ndala. Lava hukata soli, na ukianguka hukata viganja. Vaa buti ngumu, na glavu za bustani zinasaidia.