Kisu changu cha kila siku
Ninavyo visu sita vya kukunja, na ninachotembea nacho hapa Arua ni Opinel namba 8, cha Ufaransa. Joseph Opinel alianza kuviunda mwaka 1890 huko Savoie. Ile pete ya chuma inayozuia kisu kisijifunge ghafla na kukukata vidole ilikuja 1955, nami naipenda kuliko sehemu nyingine yoyote. Changu ni cha chuma kinachoshika kutu: nikimenya embe nisikifute, jioni kimeingia weusi. Nakipaka tone la mafuta ya simsim. Mvua zikianza, mpini wa mti huvimba, kikagoma kufunguka. Nakianika kivulini, sikilazimishi. Cha marehemu baba, chenye mpini wa pembe, hakitoki nyumbani.